Gari la tabo linatoa moshi na kula oili: kagua upumuaji wa injini kabla ya kuishusha

Gari la tabo (turbo, pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) likifika gereji hapa Mtwara linatoa moshi wa bluu, mara nyingi hukumu hutoka kabla boneti haijainuliwa: ringi (pete za pistoni) zimekwisha, au tabo imekufa. Zote mbili ni hukumu za pesa. Ya ringi maana yake injini ishuke. Ya tabo maana yake uagize nyingine Dar es Salaam, ipakiwe kwenye buti la basi, isafiri zaidi ya kilomita 500, ifungwe, halafu baada ya siku chache moshi urudi uleule. Wakati huohuo kuna mfumo ambao hakuna aliyeugusa, wa mipira michache na valvu moja ndogo, ambao kazi yake ni kuitoa gesi inayonaswa chini ya pistoni. Mfumo huo ukiziba au ukipasuka, huleta karibu kila dalili ya injini iliyochoka.

Nayaandika haya kwa wenye magari ya mbio tunayoyaona huku kusini: Subaru Forester na Impreza zenye injini ya EJ20 ya tabo, Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ-GTE, Caldina GT-T, Starlet ya tabo, Altezza zilizochezewa, na Golf GTI moja moja. Barabara ya kwenda Mingoyo imenyooka na inashawishi, tochi za trafiki zikiwa hazipo, na hapo ndipo injini yenye upumuaji mbovu huanza kujisema.

Gesi inapita wapi

Hakuna injini ambayo ringi zake huziba asilimia mia. Kila mlipuko, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye chumba cha krenki, sehemu ya chini ya injini inamozunguka shafti kuu. Imebeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na tindikali, na huko chini inakutana na ukungu wa oili unaorushwa na krenki. Ikikosa pa kutokea, presha inapanda na kutafuta penye udhaifu: sili ya krenki, gasketi ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), hata tundu la kijiti cha oili.

Kiwandani huwekwa njia mbili. Kuna valvu ya PCV (valvu ndogo ya kutolea gesi ya chumba cha krenki), inayounganisha injini na manifodi ya kuingizia hewa. Hii inafanya kazi gari likiwa kwenye sailensi (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta) au likienda taratibu, kwa sababu manifodi wakati huo ina mvuto mkali. Na kuna mpira wa pumzi, mnene zaidi, unaotoka kwenye kava ya tapeti kwenda kwenye bomba la hewa, baada ya filta. Kwenye sailensi, hewa safi inaingia kwa mpira wa pumzi, inafagia chumba cha krenki, kisha inavutwa na PCV na kwenda kuunguzwa. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, mvuto wa manifodi unakwisha na gesi inakuwa nyingi kuliko uwezo wa PCV. Hapo mpira wa pumzi unageuka: ulikuwa mlango wa kuingilia, sasa ni wa kutokea.

Kwenye tabo linaongezeka jambo moja, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, ikipanda, manifodi haina tena mvuto, ina presha. PCV inatakiwa ijifunge papo hapo. Isipojifunga, tabo inapuliza moja kwa moja kwenye chumba cha krenki, na gesi yote ya ringi pamoja na busti iliyovuja vinagombania mpira mmoja wa pumzi.

Vijana wengi huung'oa mfumo huu wakidhani uliwekwa kwa ajili ya watu wa mazingira tu. Ni kweli ulienea kwa sababu ya moshi wa mijini. Magari mapya yaliyouzwa California yalianza kuwa nao kuanzia modeli za 1961. Lakini kabla ya hapo injini zilipumulia bomba lililoelekea chini barabarani, likitegemea upepo wa mwendo livute gesi. Gari likisimama, hakuna mvuto, na oili iligeuka tope haraka. PCV iliiongezea injini maisha. Ukiing'oa bila kuweka njia nyingine ya maana, umerudi kwenye injini za enzi za babu yako.

Pima kwanza, usibashiri

Anza na kijiti cha oili, gari likiwa limesimama pa tambarare. Nasema hivi kwa sababu kuna desturi ya kuongeza "nusu lita ya akiba" kabla ya safari ya Dar. Oili ikipita alama ya juu, krenki inaipiga na kuitoa povu, ukungu unaongezeka, na mpira wa pumzi unaanza kunywa oili. Nimeona magari yaliyopona kwa kupunguziwa oili tu.

Kisha washa injini, iache ipate moto wa kawaida, fungua kifuniko cha oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Injini yenye afya kwenye sailensi huishika karatasi kwa mvuto mdogo, au huiacha itulie bila kurushwa. Ikiirusha na kutoa pumzi nzito yenye moshi, ndipo mafundi husema "injini inapumua". Wengi husimamia hapo na kutaja bei ya ringi. Kosa ni hilo. Karatasi inakuonyesha kwamba kuna presha. Haikuonyeshi kama presha ipo kwa sababu gesi inayoshuka ni nyingi mno au kwa sababu njia ya kutokea imeziba.

Kifaa cha kutenganisha hayo mawili kinapatikana kwa fundi ujenzi yeyote: mpira wa levo, ule unaopitisha mwanga. Chukua kifuniko cha oili cha zamani, kitoboe, funga nipo (kijibomba cha kuunganishia mpira) yenye kubana vizuri. Unganisha mpira, ukunje umbo la U kwenye ubao uliosimama, mikono yake iwe na urefu wa mita moja hivi, na ujaze maji mpaka katikati. Usiifupishe, kwa sababu injini yenye mvuto uliopitiliza inaweza kuyanyonya maji yakaingia ndani. Funga kifuniko kwenye injini, washa, soma. Kila sentimita 10 za tofauti kati ya mikono miwili ni kama kilopaskali 1.

Kwenye sailensi unataka maji yavutwe kidogo kuelekea injini, au yabaki sawa. Yakisukumwa kutoka kwenye injini gari likiwa limesimama tu, bila mzigo, tayari kuna tatizo. Halafu fanya jambo ambalo ndilo moyo wa kipimo hiki: chomoa mpira wa pumzi upande wa bomba la hewa, acha upumue nje kwa muda, usome tena. Presha ikiporomoka, kizuizi kipo mbele ya hapo, kwenye bomba au filta iliyojaa vumbi. Isiposhuka, chomoa upande wa kava ya tapeti. Ikiporomoka sasa, mpira wenyewe ndio mkosaji. Ikibaki juu wakati kava iko wazi kabisa, ama tundu la ndani ya kava limejaa tope la oili, ama ringi zinapitisha gesi kweli. Kwenye magari yenye kipimo cha hewa baada ya filta sailensi itayumba ukichomoa mpira; usishtuke, unasoma maji tu.

Angalizo: kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu busti, kwa sababu huwezi kuendesha gari ukiwa na ubao wa maji kwenye kiti. Kwa hilo unahitaji geji ya presha ndogo au kihisi cha manifodi cha ziada kilichounganishwa na kompyuta ya gari. Aliyechezea busti na hana kimoja kati ya hivyo anaendesha kwa imani.

Moshi wa bluu: uliza unatoka lini

Moshi wa oili ukiuona mara moja asubuhi, injini ikiwashwa, kisha ukapotea, elekeza macho kwenye sili za valvu. Oili imeshuka usiku, imeungua, imekwisha.

Moshi unaotoka baada ya kushuka mlima mrefu ni hadithi nyingine. Chukua gari linaloshuka kutoka Newala. Dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, gia ndogo, injini inashika breki. Wakati huo mvuto wa manifodi uko juu kuliko wakati wowote, na kila kilicholegea kinanyonywa: oili kupitia sili za valvu, na oili kupitia PCV iliyokwama wazi. Akifika chini akakanyaga, wingu linatoka nyuma. Chomoa mpira wa PCV upande wa manifodi na utazame ndani. Ukiwa na unyevu mdogo ni kawaida. Oili ikidondoka, PCV ndiyo mshukiwa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kufungua hedi.

Moshi wa kwenye busti, au ule unaotoka gari likisimama kwenye sailensi dakika kadhaa kisha likapigwa resi, ndio unaoua tabo zisizo na hatia. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha ya pampu, lakini inatoka kwa uzito wake tu, inateremka kwa bomba nene kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hakuna pampu ya kuivuta. Chumba cha krenki kikiwa na presha, oili ile haishuki. Inajaa kwenye tabo kama maji kwenye sinki ambalo bomba lake limeziba, na inapita kwenye sili za shafti, ambazo hazikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Inaingia kwenye ekzosi na kwenye bomba la hewa. Fundi anafungua, anaona oili pande zote mbili za tabo, anasema imekufa. Kwa alichokiona, hata mimi ningesema hivyo.

Kijana mmoja wa Tandahimba alinunua Forester baada ya msimu wa korosho. Ilikuwa imebadilishwa tabo na moshi haukuondoka, na sehemu aliyopeleka walikuwa wanamwandaa kisaikolojia kwa ajili ya ringi. "Kaka, wameniambia injini haina maisha," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuanza kuhesabu magunia ya msimu ujao. Tulipoweka mpira wa levo, maji yalisukumwa juu hata kwenye sailensi. Tulipochomoa mpira wa pumzi kwenye kava, yakashuka papo hapo. Mpira ule haukuwa wa kiwandani. Mtu aliwahi kuweka mpira wa maji, ule mweusi wa redieta. Kwa nje ulionekana mzima, umeng'aa, klempu mpya. Tulipoukata kwa kisu, ukuta wa ndani ulikuwa umevimba na kulainika kwa oili, umejikunja mikunjo, na tundu lililobaki halikupitisha hata kidole cha mwisho. Tuliweka mpira wa kustahimili oili wa kipenyo kilekile cha asili.

Moshi haukukatika siku ile. Hili nalisisitiza kwa sababu watu hukata tamaa hapa: oili iliyokwisha kujaa kwenye intakula (kipoza hewa kati ya tabo na injini) na kwenye sailensa ya ekzosi inaendelea kuungua kwa muda. Shusha intakula, imwage, ioshe, iache ikauke kabisa, ndipo uhukumu.

Oili kwenye bomba la hewa na injini kugonga

Utando mwembamba wa oili ndani ya bomba la tabo ni kawaida kwa gari lenye mfumo wa kiwandani. Dimbwi chini ya intakula si kawaida. Ukungu wa oili ukichanganyika na hewa inayoingia kwenye silinda unashusha uwezo wa petroli kuvumilia kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda, na gari lililoongezwa busti huku Lindi na Mtwara, kwenye joto letu, halina nafasi kubwa ya kuchezea. Dalili utakazosikia ni mlio wa kokoto chini ya mzigo, au nguvu kupungua ghafla kwa sababu kompyuta imerudisha nyuma moto wa plagi. Kabla ya kulaumu sheli uliyojaza mafuta, chomoa bomba la intakula upitishe kidole.

Kwenye Subaru kuna jambo la umbo. Silinda zimelala, kwa hiyo ukikata kona ndefu kwa kasi oili inakimbilia kava ya upande mmoja na kuingia kwenye mpira wa pumzi ikiwa oili kamili, wala si ukungu. Valvu ya PCV ya EJ nayo iko nyuma, juu ya bloku, chini ya manifodi, na mipira yake inakakamaa na kupasuka upande wa chini ambako macho hayafiki. Ingiza vidole, papasa. Vikitoka na oili nyeusi, umepata.

Sailensi juu, gari linayumba, taa ya injini inawaka

PCV iliyokwama wazi, au mpira wake uliopasuka, ni tundu kwenye manifodi. Mpira uliopasuka unaingiza hewa isiyopimwa. Kwenye gari lenye kipimo cha hewa, kama Forester ya EJ205, kompyuta inaona mchanganyiko una petroli kidogo na inaandika kodi ya hitilafu P0171. Sailensi ikikataa kushuka utaona P0507. Wengi hukimbilia kusafisha throto (valvu ya hewa inayofunguliwa na pedali ya mafuta). Bana mpira wa PCV kwa koleo taratibu injini ikiwa kwenye sailensi: ikishuka kidogo tu, valvu inafanya kazi, ikibadilika sana na kutulia, umepata mlango wa hewa.

Ichomoe uipulize. Nyingi za Toyota, hewa inapita kwa urahisi ukipuliza kutoka upande wa kava na inapita kwa shida ukipuliza kutoka upande wa manifodi. Tumia kipande safi cha mpira, usiweke mdomo kwenye valvu yenyewe na usinyonye, ile ni sumu. Kuitikisa usikie kama inacheza ni kipimo cha haraka, lakini valvu inaweza kucheza na bado isizibe vizuri chini ya busti.

Golf na Audi za injini EA888 hazina valvu ya aina hii. Zina kifaa cha plastiki juu ya injini chenye utando wa mpira ndani. Utando ukipasuka, mvuto wa manifodi unaingia wote kwenye chumba cha krenki. Utasikia mluzi, sailensi itayumba, na kifuniko cha oili kitagoma kutoka injini ikiwaka kwa jinsi kilivyonyonywa. Ukiachia, sili ya nyuma ya krenki inaanza kuvuta hewa kwa ndani na kuharibika, na kuibadilisha ni kushusha giaboksi. Hapa usitengeneze kwa gundi. Nunua kifaa kizima.

Kijiti cha oili kinaruka, sili zinavuja

Kijiti kinachotoka chenyewe baada ya kukanyaga mafuta ni dalili ninayoipenda, kwa sababu haina utata: kuna presha kubwa chini. Ikitokea kwenye busti tu na sailensi ikiwa safi, mshukiwa wa kwanza ni valvu ya PCV isiyojifunga. Ibadilishe kwa ya aina ileile. Za kuiga zinazouzwa kwenye boksi lisilo na jina wakati mwingine ni za gari lisilo na tabo, na zinapitisha presha kinyumenyume. Kwenye gari lililoongezwa busti kuliko kiwandani, weka na valvu ya njia moja inayostahimili oili na joto kati ya PCV na manifodi.

Kukifunga kijiti kwa waya ni ujinga mtupu. Presha haikuondoka, imeambiwa tu itafute sili.

Maziwa kwenye kifuniko

Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili ni maji yaliyochanganyika na oili. Maelezo mengi utakayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako ute huo ni kawaida ya majira na mipira huweza hata kuziba kwa barafu. Sisi hatumo humo. Injini yetu inapata moto haraka, na mvuke unatakiwa ufagiliwe. Kwa hiyo ukiukuta ute mwingi kwenye gari la Mtwara au Lindi, chukulia kwa uzito zaidi kuliko wanavyosema wao. Ama gari linatumika safari fupifupi tu, Shangani hadi sokoni na kurudi. Ama PCV imeziba na mvuke haufagiliwi. Ama gasketi ya hedi inavuja.

Tenganisha hivi: maji ya redieta yakipungua bila kuonekana yanapokwenda, oili kwenye kijiti nayo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au mipira ya redieta ikiwa migumu asubuhi kabla ya kuwasha, hilo ni la gasketi na halihusiani na makala haya. Kijiti kikiwa safi na ute uko juu tu, safisha PCV na mipira, endesha safari ya maana mpaka Lindi mjini na kurudi, kisha utazame tena.

Filta ndogo juu ya kava

Kile kifilta kimoja chekundu au cha bluu kinachofungwa juu ya kava ya tapeti baada ya kung'oa mpira wa pumzi kinapendeza kwenye picha. Kama PCV bado imeunganishwa na manifodi, basi kila ukiwa kwenye sailensi au mwendo wa taratibu, kifilta kile ndicho kinachoilisha injini hewa. Hewa hiyo haikupita kwenye filta kubwa. Sasa piga picha ya kiangazi, barabara ya vumbi ya vijiji vya uwanda wa Makonde, nyuma ya lori la korosho. Vumbi laini linalopita kwenye sponji ile linaingia kwenye oili, na oili inalipeleka kwenye beringi na ringi. Utakuwa umetengeneza kwa mkono wako ule uchakavu uliokuwa unauogopa. Magari yenye kipimo cha hewa yataongeza na P0171 juu yake.

Ukitaka kutoa gesi nje, ziba na tundu la PCV kwenye manifodi, ili injini isivute hewa kupitia kifilta, na ukubali kubadilisha oili mapema kwa sababu hakuna kinachofagia mvuke tena. Kwa gari la barabarani mimi sishauri. Rudisha mpira.

Kopo la kukamatia oili

Kopo hili hufungwa kwenye njia ya mpira wa pumzi ili linase oili kabla gesi haijafika kwenye bomba la hewa. Kopo zuri lina vibati au wavu ndani, ili ukungu ugonge, ukusanyike, udondoke. Mengi yanayouzwa kwa bei nafuu ni bati tupu lenye matundu mawili juu: gesi inaingia, inazunguka, inatoka na oili yake. Kuna wanaolijaza stili wulu ya kuoshea sufuria. Nyuzi zake zinashika kutu, zinakatika, na kwenye mfumo uliofungwa zinavutwa na tabo. Usithubutu.

Mipira iwe na kipenyo kisichopungua cha kiwandani, ipande au iteremke moja kwa moja bila kutengeneza tumbo katikati. Tumbo hujaa maji na oili, nayo ni kizuizi. Lifunge mbali na ekzosi. Pwani hii yenye unyevu, usishangae kopo kukusanya maji mengi yenye rangi ya kahawa na oili kidogo, hasa wakati wa mvua. Hiyo ni kazi nzuri. Kopo likijaa oili tupu haraka kuliko lilivyokuwa linajaa zamani, busti na mwendo vikiwa vilevile, usinunue kopo kubwa zaidi. Rudi kwenye mpira wa levo.

Ringi zikiwa ndizo kweli

Mipira ni mizima, valvu mpya, kava imeoshwa ndani, oili iko kwenye alama, na maji bado yanasukumwa juu. Sasa pima kompresheni, injini ikiwa na moto, throto wazi, betri nzima. Tofauti kati ya silinda moja na nyingine inasema zaidi kuliko namba yenyewe. Ile mbinu ya kumwaga kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu uone kama kompresheni inapanda inafaa kwa injini za silinda zilizosimama kama 1JZ na 3S za Toyota. Kwa Subaru usiiamini sana: silinda imelala, oili inakaa upande wa chini tu na haiizungushi ringi.

Kipimo cha kuamini ni cha uvujaji. Pistoni iwe juu kabisa, valvu zote zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi kwa geji mbili, na usikilize. Funga gia au shika krenki kwa spana, kwa sababu inaweza kuzunguka ghafla na kukuvunja kidole. Uvujaji wa chini ya asilimia 10 ni injini nzuri. Ukizidi 20, tafuta hewa inatokea wapi. Mlio kwenye ekzosi au throto ni valvu, na hedi peke yake ndiyo ishuke. Mapovu kwenye redieta ni gasketi. Mlio kwenye tundu la oili ni ringi, au pistoni iliyopasuka kwa kugonga.

Hapo injini inashuka kwa haki. Ukifunga pistoni za forged (za metali iliyofuliwa), kumbuka zinahitaji nafasi kubwa zaidi kwenye silinda kwa sababu zinatanuka zaidi, na ringi za gari la busti hukatwa mwanya mkubwa zaidi; injini hiyo itapitisha gesi zaidi kuliko ya kiwandani, hasa ikiwa baridi. Ringi mpya nazo hupitisha gesi nyingi mpaka zikae, kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo. Kwa hiyo mpira mpya wa pumzi na PCV mpya viwe kwenye orodha ileile ya ringi na gasketi utakayomtumia mtu wako wa Dar, na mpira wa levo uwekwe tena siku ya kuwasha, kisha baada ya kilomita hizo, namba zote mbili ziandikwe ndani ya boneti kwa kalamu ya wino mzito.